Kresida Iliponyamaza

Kwa miaka kumi na mmoja Nahashon Ombati alikuwa dereva wa Mzee Ghalib, na kwa miaka yote hiyo wawili hao walizungumza kwa kupaza sauti. Si kwamba waligombana. Ilikuwa gari. Kresida nyeupe, ambayo Mzee aliinunua mpya mwaka themanini na tisa, mwaka aliozaliwa bintiye Rania, ilinguruma kama mashine ya kusaga unga, na aliyetaka kumwambia mwenzake apunguze kiyoyozi ilimbidi aseme kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto.

Na joto lake! Kila gari lina ukuta wa bati kati ya injini na mahali watu wanapoweka miguu, na ukuta huo huvikwa sufi nzito iliyoshindiliwa, ili moto na kelele vibaki huko huko kwenye injini. Sufi ya Kresida ilikuwa imekula chumvi nyingi. Majira ya joto ya Jeddah, thelathini na kitu, yaliikausha, ikapasuka, ikaanza kudondoka vumbivumbi juu ya viatu vya watu. Bi Saleha, mke wa Mzee, aliapa zamani kuwa hakai tena kiti cha mbele. "Mimi si mkate wa kutiwa tanuri," alisema, na tangu siku hiyo akawa anapanda nyuma, miguu kaikunja juu ya kiti kama aliye mkekani.

Nahashon peke yake hakulalamika.

"Dereva wangu huyu ana miguu ya chuma," Mzee alipenda kuwaambia wageni wake nyumbani, mtaa wa Al-Safa, na Nahashon, akisikia hivyo mlangoni, alitabasamu. Yeye mwenyewe aliamini kuwa ni uvumilivu tu. Miaka miwili iliyopita miguu yake ilianza kumwashawasha usiku, kama imepandwa na siafu. Baadaye ikawa kama amevaa soksi mbili mbili hata akiwa pekupeku. Kisha siafu wakaondoka, na soksi zikabaki. Alijiambia ni umri, ni kukaa sana kitini, na kwa kuwa hakuumwa popote hakuona sababu ya kwenda kwa daktari. Nani huenda hospitali kusema haumwi?

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Kwao Nyamira alimwacha mkewe Truphena na watoto watatu, na kati ya Wakenya aliowajua Jeddah alihesabiwa mwenye bahati, maana kafili wake, yaani tajiri aliyemdhamini, alikuwa mtu unayeweza kutaniana naye kwa Kiswahili. Mzee Ghalib aliletwa Jeddah akiwa na miaka sita, familia yake ilipotoka Unguja mwaka sitini na nne. Kiarabu alikijua kama mwenyeji yeyote, lakini nyumbani, na ndani ya Kresida, alizungumza Kiswahili kile kile cha mamake.

Mwezi wa saba mwaka huo Rania alijifungua huko Riyadh. Bi Saleha akatangulia kwa ndege kwenda kumlea mzazi siku zake arobaini, naye Mzee akafuata kwa gari, kwa sababu mkewe alikuwa ameagiza nusu ya jiko: masufuria, samli, mdalasini, hiliki, chano cha kukandia na godoro dogo la mtoto. Waliondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Wakaupanda mlima wa Taif, wakashuka upande wa pili, na kuanzia hapo ikawa ni jangwa na barabara, barabara na jangwa, mpaka macho yakachoka kuona upeo. Kufika saa sita mchana Mzee alikuwa amevua viatu na kuiweka miguu yake juu ya kiti, mtindo wa mkewe.

"We huskii moto huu?" alipiga kelele.

"Nimezoea, baba!" Nahashon naye akapiga kelele.

Walifika Riyadh kabla ya magharibi. Nahashon alipakua mizigo, akaoga, akalala fofofo katika chumba cha dereva.

Kesho yake Mzee alimtuma soko la Al-Dirah akanunue udi mzuri, si ule wa madukani kwenye majengo ya vioo, bali wa mzee mmoja wa Kiyemeni aliyemjua tangu ujana. Nahashon alizunguka soko zima akitafuta duka lenyewe, akalipata, akaingia. Mle ndani sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe. Yule Myemeni alikuwa akipima udi kwenye mizani, mara akasimamisha mkono, akaelekeza kidole chini.

"Ewe rafiki. Damu."

Nahashon alitazama nyuma yake. Kutoka mlangoni mpaka pale aliposimama kulikuwa na nyayo za mguu mmoja tu, wa kulia, nyekundu, na kila moja ilikuwa imekolea kuliko iliyotangulia. Alidhani kuna mtu mwingine aliyepita. Alipoinua kandambili yake ndipo alipoona soksi imelowa chapachapa, na hapakuwa na maumivu yoyote, hata chembe. Hilo ndilo lililomtisha kuliko damu yenyewe.

Nyumbani kwa Rania kulikuwa na mfanyakazi Mkenya, Beldina, mwanamke wa makamo aliyewahi kusaidia wauguzi katika zahanati moja huko Migori kabla ya kuja Saudia. Nahashon alimwita kwenye mlango wa jikoni. Beldina akaleta beseni, akamkalisha kwenye ngazi, akaivua ile soksi polepole. Upande wa nje wa wayo, kuanzia kidole cha mwisho mpaka katikati, ngozi ilikuwa imeiva ikachanika, kama ya mtu aliyekanyaga makaa.

"Ngai! Ulichomeka wapi?"

"Sijachomeka."

"Nahashon, hii ni kuchomeka. Jana ulikuwa unaendesha na viatu gani?"

"Hizi tu kandambili."

Beldina akakitazama kidonda, akamtazama usoni, akaingia ndani. Alirudi na kile kipimo kidogo cha sukari cha Bi Saleha, ambaye alikuwa na ugonjwa huo kwa miaka kumi na mitano. Akamchoma kidole. Kijimashine kikafikiri kidogo, kikaonyesha mia tatu themanini na sita.

"Hiyo ni mbaya?" Nahashon aliuliza.

"Bi Saleha akifika mia mbili na hamsini hapa nyumbani hakukaliki." Akakifuta kipimo. "Ni sukari hii. Imekula mishipa ya miguu, ndiyo maana huskii kitu. Enda umwambie bosi leo leo."

"Beldina, dereva asiye na miguu ni dereva wa nini? Nikisema hivyo, wiki ijayo niko kwa ndege. Kijana wangu wa pili anaingia chuo Septemba."

"Na ukinyamaza?"

Beldina alimfunga kitambaa safi, akainuka, akajifuta mikono. "Mimi sitakusemea," alisema, "kwa sababu si jambo langu kusema. Lakini kwa daktari utaenda, ama nitasema."

Alikwenda. Ilikuwa zahanati ndogo ya mtaani, akajilipia mwenyewe ili karatasi za bima zisifike kwa kafili. Daktari, Msudani mpole mwenye nywele za mvi, alikisafisha kidonda, akamwandikia vidonge, akamkanya asitembee pekupeku wala asikaribie kitu cha moto. Mwisho akauliza, "Unafanya kazi gani?"

"Mpishi," Nahashon alisema.

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi afadhali. Ungekuwa dereva ningekwambia uache leo."

Siku mbili baadaye alimrudisha Mzee Jeddah. Alivaa viatu vipana vya raba, chini ya mguu akakunja taulo, na kila walipopata kituo cha mafuta alishuka akaenda chooni kuutazama mguu wake kama mtu anayemtazama mgonjwa wodini. Njiani, katika yale makelele, akapata wazo. Kilichomuunguza ni ukuta ule wa injini. Ukitengenezwa, moto hautapita. Moto usipopita, mguu utapona. Mguu ukipona, nani atakuwa na haja ya kujua?

"Baba!" aliita. "Tubadilishe ile sufi ya mbele!"

"Nini?"

"Sufi! Ya ukuta! Nishawahi kusaidia kazi hiyo gereji, kule Kisumu!"

Mzee Ghalib aligeuka kitini, uso umemchangamka kama mtoto aliyeambiwa kesho ni sikukuu. Alistaafu miaka minne nyuma, na tangu hapo hakuna aliyemwomba afanye lolote kwa mikono yake.

"Tutafanya sote!" alisema. "Mimi na wewe!"

Walianza Jumamosi, baada ya alasiri, kwenye kivuli cha uani. Mzee alijitokeza amevaa suruali ya zamani ya mwanawe Mubarak na miwani ya kuogelea ya wajukuu, kujikinga na vumbi. Wakachomoa betri. Wakatoa viti vya mbele, wakavingirisha zulia la sakafuni, wakafungua kasha la mbele ya abiria, na kifuniko cha chini ya usukani. Kwa kuwa mkono haukuweza kupita, wakafungua na pedali zenyewe. Kila skrubu Mzee aliitia kwenye kikombe cha kahawa na kuandika karatasi ilikotoka.

Sufi ya zamani haikuwa na haja ya kubanduliwa, ilijibandukia. Ilitoka vipande vipande, upande mmoja nyuzi, upande mwingine lami iliyokauka ikawa kama maganda ya mti. Nyuma yake bati lilikuwa tupu, na palipopita nyaya kulikuwa na matundu ambayo raba zake zilikuwa zimeoza zikaisha. Mzee alichungulia tundu moja, akauona mwanga wa uani upande wa pili.

"Laa! Tulikuwa tumekaa ndani ya injini yenyewe, bwana!"

Walikwangua gundi kuukuu siku nzima ya pili. Wakalifuta bati kwa spiriti, wakaziba matundu kwa raba mpya, wakakata vielelezo kwa maboksi ya tende ili vipande vilingane. Siku ya tatu ndipo walipobandika: kwanza zile karatasi nzito za kunata zenye mgongo wa foili, kisha juu yake sufi mpya. Karatasi zile hutaka kushindiliwa ili zisibaki na hewa, na kwa kuwa hawakuwa na kifaa chake, Mzee aliingia jikoni akatoka na kijiti cha Bi Saleha cha kusukumia chapati.

"Yeye yuko Riyadh," alisema. "Akirudi tutakiosha."

Kazi ile waliifanya wamelala chali, vichwa chini ya dashibodi, mabega yamegusana. Mzee alisimulia jinsi babake, aliyekuwa karani mwenye heshima zake Unguja, alivyoanza upya Jeddah kwa kubeba magunia bandarini, na hakuwahi kuwaambia wanawe mpaka mgongo ulipomshinda. "Tulidhani yuko ofisini," Mzee alisema. "Kila asubuhi alitoka na kanzu safi." Akasukuma kijiti huku na huku. Nahashon, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba ndani ya kiatu cha raba, alitamani kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno, akalimeza.

Pedali alizifunga Mzee mwenyewe. Alikaza kila nati, akaomba aachiwe, akafurahi.

Jumatano jioni, jua lilipopungua, wakatoka kuijaribu. Nahashon aliwasha injini, na wote wawili wakatazamana. Ilikuwa imewaka kweli? Sindano zilipanda, kwa hiyo imewaka. Wakatoka langoni, wakapinda kulia, na Nahashon akasikia tiki-tiki ya taa ya kugeukia, sauti ambayo kwa miaka kumi na mmoja hakujua kuwa ipo.

"Nahashoni," Mzee alinong'ona. "Wanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Wallahi nami nakusikia." Na mzee wa watu akacheka mpaka akafuta macho.

Lakini Nahashon hakuwa anacheka. Kuna kitu kilikuwa kimepotea, na ilimchukua mtaa mzima kutambua ni nini. Tangu miguu ilipokufa ganzi alikuwa akiendesha kwa masikio. Injini ikinguruma hivi, alijua amekanyaga kiasi hiki. Ikilia vile, alijua apunguze. Hakuwahi kupanga kufanya hivyo, mwili wenyewe ulijitafutia njia, kama kipofu anavyojifunza nyumba yake. Sasa injini ilikuwa imenyamaza, na chini ya wayo wake hapakuwa na kitu. Hakujua kama anakanyaga kidogo au sana. Alitupa macho kwenye sindano, akaona themanini, katika mtaa wa nyumba za watu.

Mbele kulikuwa na msikiti, na nje ya ukuta wake jokofu la maji ya sabili, ya bure kwa wapita njia, na kando ya jokofu mtunza bustani, Mbengali, ameshika kikombe anakunywa. Nahashon aliinua mguu akauweka kwenye breki. Hivyo ndivyo alivyoamini. Kiatu kile kipana kilikuwa kimekanyaga pembe ya breki na pembe ya mafuta kwa pamoja. Gari liliruka mbele, likapanda ukingo wa barabara. Mzee alisema "Nahashoni!" kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha likaja pigo, na maji yakatapakaa juu ya kioo.

Mbengali alikuwa amesimama hatua mbili pembeni. Kikombe bado alikuwa nacho mkononi. Alikitazama, akalitazama jokofu lililolala chali, akakaa chini taratibu.

Hakuna aliyeumia. Mzee alishuka, akamkumbatia yule mtu, akaomba radhi mara nyingi mno, akamwahidi imamu kuwa jokofu jipya litakuja kesho. Kisha akarudi kwa Nahashon, aliyekuwa bado kitini, mikono juu ya usukani.

"Breki zilikataa, eti?"

Nahashon akafungua mdomo.

"Mimi ndiye niliyezifunga," Mzee alisema, uso umekuwa wa kijivu. "Mikono yangu hii. Nilikaribia kumuua mtu. Nilikaribia kukuua wewe, niwaache watoto wako yatima."

Na Nahashon, Mungu amsamehe, akaufunga mdomo.

Siku mbili zilizofuata hakuweza kula. Kresida ilikaa uani, pua imebonyea, na chini ya dashibodi yake alilala Mzee Ghalib na tochi, asubuhi na alasiri, akifungua na kufunga. Mubarak, mwanawe mkubwa aliyekuwa na ofisi ya kutoa mizigo bandarini, alipita akamwambia babake aache, gari liuzwe vyuma chakavu, halas. Mzee akarudi chini ya dashibodi. Ijumaa baada ya sala Nahashon alimpelekea chai, akamkuta ametoa kichwa, miwani imeteleza, mafuta meusi hadi kwenye ndevu.

"Nati hii nimeifungua mara nne," Mzee alisema. "Iko sawa. Ya pili iko sawa. Nambie, Nahashoni, kosa langu liko wapi?"

Nahashon aliiweka chai chini. Akakaa kwenye ukingo wa mlango wa gari, akavua kiatu cha kulia, akavua soksi, akafungua kitambaa.

"Liko hapa, baba," alisema.

Akaeleza yote. Siafu, soksi mbili, vigae vya Al-Dirah, kipimo cha Bi Saleha, jinsi alivyomdanganya daktari kuwa yeye ni mpishi. Hakumtaja Beldina. Mzee alisikiliza bila kukatiza, macho kwenye kile kidonda, ambacho sasa kilikuwa kimeanza kuwa cheusi kwenye kidole cha mwisho.

"Ulinirudisha kutoka Riyadh kwa mguu huu?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, baba."

"Ukijua?"

"Nikijua."

"Na siku mbili hizi ukaniangalia nalala humu chini kama mwizi wa roho za watu."

"Ndiyo. Niliogopa. Sina neno lingine."

Mzee alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Chai ikapoa palepale ilipokuwa. Nahashon alirudi chumbani mwake, akalitoa begi lake chini ya kitanda, akaanza kukunja mashati. Alikunja taratibu, kila shati vizuri, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Asubuhi mlango ulibishwa. Alikuwa Mzee, amevaa kanzu safi, na nyuma yake Mubarak ameshika funguo za gari lake.

"Bado nimekasirika," Mzee alisema. "Na ntakasirika siku nyingi, usidhani nshakusamehe. Lakini mguu hautangoja hasira zangu ziishe. Vaa, yalla, twende hospitali." Akaliona begi kitandani. "Na hizo nguo zirudishe kabatini. Nani aliyekwambia uondoke?"

Walimlaza siku tisa. Kidole cha mwisho hakikuokoka. Daktari wa upasuaji alisema wangechelewa wiki mbili zaidi wangezungumza kuhusu mguu mzima. Mzee alifika kila alasiri, mwanzoni akakaa akisoma gazeti tu, kama aliyekuja kumtembelea mgonjwa wa kitanda cha pili. Siku ya nne alilikunja gazeti.

"Babangu naye," alisema, "lau angetwambia mgongo unamuuma, tungefanya nini? Tulikuwa watoto. Lakini angalau tungelijua." Akafikiri. "Wewe ulikuwa na watu wazima, Nahashoni. Mimi si mtoto."

"Nimeelewa, baba."

"Haya. Kula hiyo ndizi."

Jioni ile Nahashon alimpigia Truphena. Alikuwa amejitayarisha kwa kilio, lakini mkewe aliuliza kwanza kidole gani, na kama kilikuwa kinauma, na kama wamemzika vizuri huyo mdogo. Nahashon akacheka bila kutaka. Ndipo Truphena akalia. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili nakuuliza hali kila Jumapili na unaniambia uko sawa." Walikubaliana kuanzia hapo kuwa swali hilo litajibiwa kwa nambari. Kila Jumapili angemsomea kipimo.

Bi Saleha aliporudi kutoka Riyadh na kusikia habari zote, hakumgombeza Nahashon peke yake, alimgombeza na mumewe. "Miaka kumi na mitano naishi na sukari humu ndani!" alisema. "Sindano zangu ziko kwenye friji, mnaziona kila mnapotafuta maziwa! Dereva anakaa kwenye moto wa jahanamu halalamiki, na wewe unamsifu ana miguu ya chuma. Ungeniambia mimi, ningejua siku ileile!" Akanunua kipimo kingine, akakibandika jina la Nahashon. Kijiti cha chapati alikitupa, hakutaka hata kioshwe.

Kuendesha hakungerudi. Kidonda kilifunga, lakini daktari alisema wazi kuwa mishipa iliyokufa haifufuki. Nahashon alisubiri kuambiwa tarehe ya safari. Badala yake Mubarak alimwita. Ofisini kwake, karibu na Bandari ya Jeddah, alihitaji mtu wa kukaa mezani kupokea hati za mizigo na kuwaelekeza madereva wa malori geti la kuingilia. Nahashon alikuwa amempeleka Mzee na kumrudisha huko kwa miaka, mageti yote aliyajua, na Kiarabu chake cha kazi kilitosha. Kubadilisha ikama, kile kibali cha kukaa na kufanya kazi, kulichukua miezi mitatu, mihuri na foleni, na mara mbili ilionekana kama haitawezekana. Ikawezekana.

Kresida ilinyooshwa pua. Kuhusu nani ataiendesha, hapakuwa na mjadala mrefu. Bi Saleha alikuwa na leseni tangu miaka mitano nyuma, ila hakuwahi kuitumia kwa sababu, alisema, gari lenyewe lilikuwa tanuri lenye kelele. Sasa alikaa nyuma ya usukani, akarekebisha kioo, akawasha, akasikiliza kile kimya.

"Kumbe ni gari zuri," alisema kwa mshangao.

Siku ya kwanza ya kazi mpya yeye ndiye aliyempeleka Nahashon bandarini, Mzee kakaa kiti cha mbele, miguu chini kama watu wengine. Bi Saleha aliendesha polepole na kushika breki ghafla.

"Taratibu, mama," Mzee alisema.

"Nikushushe?"

Mzee akaushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Nyuma, Nahashon aliangalia dirishani ili wasione anavyocheka.

Nje ya ofisi, kando ya gari, alivua viatu kwanza, akaingiza mkono ndani ya kila kimoja kuhakikisha hamna jiwe, kama muuguzi alivyomfundisha, akavaa tena. Akawashukuru. Mzee akatoa mkono dirishani, akamshika bega, akataka kusema kitu, akasema tu, "Saa kumi tutakufuata." Nahashon akageuka, akaenda zake kuelekea mlangoni, polepole, akitazama kila anapokanyaga.